Godoro la Sponji na Mawe ya Bujora

Mtoto aliyekulia Dar es Salaam hajui jiwe. Anajua mchanga, anajua lami, anajua tofali la sementi, na ukimpeleka Kigamboni atakutana na mwamba wa matumbawe unaochana nyayo kama wembe. Jiwe hasa, lile kubwa kuliko nyumba, lililokaa juu ya jingine kana kwamba mtu alilitua apumzike akasahau kurudi kulichukua, hulioni mpaka uipe pwani kisogo. Binti yetu alikuwa na miaka 7 alipoligusa kwa mara ya kwanza. Kabla ya hapo alishapanda kila kilichopandika: mwembe wa jirani, nondo za madirisha, geti, kabati la vyombo na mabega yangu. Siku kabati lilipolala na vyombo vyake, mama yake, ambaye ni Msukuma wa Kisesa, aliokota vigae bila kugombeza, kisha akasema: "Huyu mpeleke kwa wajomba zake. Kule vya kupanda havivunjiki."

Mimi ni Mzaramo. Kati ya watu wangu na watu wake kuna utani wa tangu enzi za misafara, kwa hiyo sikutegemea huruma. Nilitegemea mawe, na mawe hayakuniangusha. Alichoniangusha nacho shemeji yangu nitakisema mbele.

Kupanda mawe bila kamba wala mkanda, kwenye jiwe fupi kiasi kwamba ukidondoka unaangukia godoro, ni mchezo wenye wenyewe duniani. Wakazi wa Paris wamekuwa wakienda kuyakwea mawe ya msitu wa Fontainebleau kwa zaidi ya miaka mia, na huko njia zimewekewa alama za rangi, nyingine za watoto wadogo. Mmarekani John Gill, mwalimu wa hesabu aliyepitia sarakasi za ukumbini, ndiye aliyeingiza kwenye mawe ule unga mweupe wa kukaushia viganja, miaka ya 1950. Na kwenye Olimpiki ya Tokyo iliyofanyika 2021, kukwea kulipata medali zake. Kwa Kiswahili mchezo haujapata jina linaloeleweka na wote. Usukumani hawakulihitaji, kwa sababu mtoto anayechunga mbuzi hupanda jiwe ili aone mbuzi wamefika wapi, na akishawaona hushuka.

Ndiyo maana nasema Mwanza ni mahali pa kumpa mtoto jiwe lake la kwanza. Mji wote umekaa juu ya mawe, chini ya mawe na katikati ya mawe. Ukiingia kwa barabara ya Shinyanga unayaona yakianza moja moja mashambani, kisha mawili mawili, kisha vilima vizima vya mawe yaliyopandana, na nyumba zimejibanza katikati yake mpaka hujui ukuta wa nani ni wa matofali na wa nani ni wa mwamba. Mabatini, Igogo, Isamilo: mama anaanika nguo juu ya jiwe, jirani anaanika dagaa, watoto wanateleza kwa makalio kwenye ubavu uliosuguliwa na makalio ya kaka zao hadi ukang'aa. Jiji la Miamba, ndivyo wanavyojiita, na hawajajipendelea.

Binti aliuliza swali ambalo kila mgeni huuliza: nani aliyapanga? Babu yake alijibu kwa neno moja: "Tuliyakuta." Mimi, kwa kutaka kuonekana nimesoma, nikaeleza kwamba ni itale, kwamba liliganda chini kabisa ya ardhi zaidi ya miaka bilioni 2 iliyopita, likapasuka mapande kama jibini inavyokatwa, maji yakaingia kwenye nyufa yakala pembe kidogo kidogo mpaka mapande yakawa mviringo, na mvua ikaja kuuondoa udongo uliokuwa umeyafunika. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akamgeukia babu yake: "Babu, na wewe uliyakuta hivihivi?"

Wageni nao waliyakuta, ila wao walikuwa na ugonjwa wa kubatiza. Mwingereza Speke alifika hapa Agosti 1858, akasimama kilimani, akalipa ziwa jina la malkia wake wakati watu wa pale walikuwa na jina lao tayari. Wajerumani wakaja wakaliona lile jiwe lililosimama majini karibu na kivuko cha Kamanga, wakaliita Bismarck, kwa heshima ya kansela ambaye hakuwahi kukanyaga Mwanza. Jina limeganda. Wapiga picha za harusi hawajali.

Sasa mipango, maana nia peke yake haisafirishi familia kilomita zaidi ya 1,100.

Tulichagua Juni. Masika yamekwisha, vuli bado iko mbali, na shule zimefungwa. Itale lililoloa linateleza kama sabuni, na nyasi za Machi zinaficha kila usichotaka kukikanyaga. Juni nyasi zimeshaanza kukauka, anga ni jeupe, na usiku Mwanza, iliyoko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, ina kibaridi ambacho mtoto wa Dar hukiona ni maajabu. Beba sweta. Sitanii.

Mahali pa kambi tulichagua Bujora, kilomita kama 20 kutoka mjini kwa barabara ya Musoma. Unashuka Kisesa, kisha unachukua bodaboda au unatembea kupanda kilima. Pale ndipo palipo makumbusho ya Wasukuma, yaliyoanzishwa miaka ya 1950 na Padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada aliyependa ngoma za Kisukuma mpaka Wasukuma wakamkubali. Kuna nyumba ya ngoma za watemi, kuna habari za Bagika na Bagalu, vyama viwili vya wachezaji ambavyo vimeshindana tangu karne ya 19 na ushindani haujaisha, na kuna kiwanja cha kupigia hema. Na pande zote, mawe. Ukienda siku za Bulabo, sherehe za ngoma za mwezi huohuo wa Juni, utaona mambo ambayo hutayaona kwingine, lakini usitegemee kulala. Sisi tuliziacha zipite.

Vifaa vya mchezo huu vinauzwa ghali sana, na katika maduka niliyoyapitia havikuwepo. Godoro lake maalumu lenye mikanda ya kubebea begani sikuwahi kuliona ila kwenye picha. Shemeji akasema kwa simu: "Kwani sponji imekwisha nchini?" Tukanunua Mwanza magodoro mawili ya sponji, inchi 6 kila moja, fundi cherehani akayaunganisha na kuyavisha ala ya turubai yenye vishikio viwili vya mkanda wa begi. Kikatoka kitu kizito, kibaya, cha rangi ya bluu, na kizuri kuliko nilivyotarajia. Kwa jiwe lisilozidi kimo changu lilitosha. Kwa jiwe refu zaidi ya hapo lisingetosha, wala sikulijaribu. Miguuni alivaa raba nyepesi za mtumba zenye soli nyembamba. Viatu vyenye soli nene humficha mtoto anachokanyaga, na kwenye jiwe kanyagio ndilo kila kitu. Unga wa viganja hatukuwa nao. Alifuta jasho kwenye gauni.

Mfuko wenye vigingi vya hema haukufika. Basi tulilopanda liliushusha mahali fulani njiani pamoja na mzigo wa mtu mwingine, na mpaka leo sijui nani anafungia mbuzi kwa vigingi vyangu. Nililalamika sana siku ile. Shemeji alipoona udongo wa pale ulivyo mwembamba, vidole vitatu kisha mwamba, alicheka: "Ungepigilia wapi, Mzaramo?" Tukafunga kamba za hema kwenye mawe. Likasimama imara kuliko lilivyowahi kusimama.

Kabla ya kugusa jiwe lolote nje ya uwanja wa kambi, tulikwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji, babu akiwa mbele. Jambo hili msilipuuze mkaona ni adabu za kizamani. Kuna mawe ya shamba la mtu. Kuna mawe yaliyozungukwa na makaburi. Kuna mawe ambayo wazee walitambikia mvua na hawapendi kuona raba juu yake. Kwa macho yote ni mawe tu; mwenyeji ndiye anayejua. Binti alifundishwa kusema "mwangaluka" na kupiga goti kidogo, mwenyekiti akafurahi, akatuonyesha kwa fimbo mawe matano tuliyokuwa huru kuyapanda na moja ambalo tusilikaribie kwa sababu lina nyuki ndani. Hili la nyuki peke yake lilistahili safari ya kwenda kwake. Nyuki wetu hawana mzaha, na ufa wa jiwe ni mzinga usio na kodi.

Siku ya kwanza niliharibu. Tulimaliza kula saa saba mchana, mtoto ana hamu, nami nina hamu kuliko yeye. Tukabeba godoro mpaka jiwe la kwanza, limelala kama kiboko, mteremko mpole. Binti akaweka viganja, akavitoa. Lilikuwa linachoma kama kikaango. Watoto watatu wa pale waliokuwa wakitutazama kutoka kivulini walikuja, wakakimbia juu ya lile jiwe miguu mitupu, wakafika kileleni, wakashuka upande wa pili, wakarudi kivulini. Hawakusema neno. Binti yangu alinitazama kwa namna ambayo baba hapendi kutazamwa.

Shemeji, aliyekuwa amekaa chini ya mti akitafuna michembe, ndipo akatoa somo ambalo nilipaswa kulijua kabla ya kukata tiketi. Jiwe lina saa zake. Saa kumi na mbili mpaka saa tatu asubuhi linashikika, kwa kuwa limepoa usiku kucha na jasho halijaanza. Kuanzia saa kumi jioni, ubavu wa mashariki uko kivulini na unashikika tena. Katikati ya hapo jiwe ni la mijusi. "Hata pimbi wanalala saa hizi," alisema. "Wewe una akili kuliko pimbi?"

Nilisema kuna alichoniangusha nacho. Ni hicho.

Pimbi na mijusi, kwa kweli, ndio waliokuwa walimu wetu wa mchana ule. Kuna mjusi wa miamba hii ambaye dume lake lina kichwa na kifua chekundu cha waridi na mwili wa buluu, na wanasayansi wamempa jina la Mwanza kabisa: Agama mwanzae. Hupanda jiwe lililosimama wima bila kufikiri. Binti alilala kifudifudi kwa nusu saa nzima akimtazama anavyoweka miguu. Pimbi naye, mnene kama mkate wa boflo, hukimbia kwenye mteremko ambao paka angesita. Nyayo zake zina nyama laini kama mpira, nazo hutoa unyevunyevu unaozifanya zinate. Ndugu zake wa karibu ni tembo na nguva. Hilo binti alikataa kuliamini, nami simlaumu. Kuanzia hapo mjomba wake akamwita Pimbi. Mama yake akaruka: "Usimwite mwanangu pimbi!" Kwetu Dar ni tusi. "Mjomba," mtoto akamjibu mjomba wake, "mimi ni pimbi wa bluu." Mambo yakaishia hapo.

Asubuhi ya pili saa kumi na mbili na nusu tulikuwa kwenye jiwe lingine, fupi, lenye umri wa dunia na kimo cha mlango. Itale la Bujora lina chembe kubwa zinazokwaruza viganja, na vipande vya ulanga vinavyometameta jua likichomoza. Raba inashika juu yake bila ubishi. Nilichomwambia ni kimoja tu: miguu ndiyo inayopanda, mikono inaambatana tu. Mtoto huamini mikono yake. Hujivuta, huchoka, huning'inia. Ukimwonyesha kwamba kinundu kidogo kama nusu ya limau kinaweza kubeba mwili wake wote akikikanyaga kwa ncha ya kidole gumba, uso wake hubadilika. Uso ule nimeuona mara moja tu kabla ya hapo, siku alipojua kusoma.

Kazi ya mtu mzima ni kusimama chini, na watu wengi hawaijui. Humdaki mtoto kama mpira. Mikono unainyanyua, vidole umevikusanya ili visivunjike, macho yako kwenye kiuno chake na si kwenye uso wake, na akidondoka unamwelekeza aje godoroni miguu ikitangulia, kichwa kikiwa juu. Tulianza kwa kufundisha kuanguka. Alijirusha kutoka urefu wa ndoo, magoti yamekunjwa, mikono kifuani wala si nyuma, mara ishirini hivi, huku akicheka. Mama yake alisema huo ndio mchezo alioulipia nauli.

Alifika juu mara ya nne. Akasimama, akaona ziwa kwa mbali kama bati jipya, akapiga kelele za ushindi, kisha akatazama chini na kelele zikakatika. Mpanda ngazi hushuka, tunasema, na huwa tunamsemea mtu mwenye kiburi. Sikuwahi kufikiri kwamba ni maelezo ya kazi. Nilitaka kupanda nimchukue. Shemeji alinishika bega. Akazunguka nyuma ya jiwe taratibu, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti ya kuomba chumvi: "Pimbi, huku nyuma kuna ngazi. Kaa chini. Geuka. Tafuta kwa mguu wa kushoto." Ilichukua dakika kumi na machozi kiasi. Alishuka mwenyewe.

Toka hapo ikawa sheria, na nawapa bure: kabla ya mtoto kupanda jiwe, lizungukeni wote, mtafute njia ya kushukia, ashuke nayo kwa macho kwanza. Jiwe lisilo na njia ya kushuka si jiwe la mtoto, hata likiwa fupi.

Chakula sitaki kukimaliza haraka. Michembe, viazi vitamu vilivyokatwa vikakaushwa vikiwa vibichi, na matobolwa, vilivyochemshwa kwanza kabla ya kuanikwa, ni vyakula ambavyo kama vingetengenezwa Ulaya vingeuzwa kwenye maduka ya wapanda milima kwa bei ya dhahabu. Havina uzito, haviozi, na michembe ukiichemsha kwa karanga inakuwa kiamsha kinywa cha kukupeleka hadi adhuhuri. Jioni tulikula sato aliyenunuliwa asubuhi soko la Kirumba, akachomwa juu ya mawe matatu. Jiko la gesi nililolibeba kutoka Dar lilirudi na gesi yake.

Mambo mengine ni ya kusema upesi. Usiingize mkono kwenye ufa usiouona ndani. Nge na moma hupenda kivuli kama wewe. Kung'uta raba kila asubuhi. Laleni ndani ya neti hata kama ni baridi. Ziwa lisikuvute kuogelea ufukweni, kuna kichocho. Jueni njia ya kwenda Bugando, hospitali ya rufaa, kabla hamjaihitaji. Na siku ya kupumzisha viganja, mpelekeni mtoto Saanane, kisiwa kilichokuwa bustani ya wanyama tangu 1964 na kikatangazwa hifadhi ya taifa 2013, chenye kilomita za mraba 2.18 tu pamoja na maji yake. Ni safari fupi ya boti kutoka mjini, na pimbi wa huko hawaogopi mtu.

Njiani kurudi Kisesa tulipita pale wanapogonga kokoto. Huwasha moto juu ya jiwe, jiwe likipata joto linapasuka, kisha kinamama na vijana hulimaliza kwa nyundo mpaka liwe mafungu ya kuuza kwa ndoo. Binti aliuliza kama lile lilikuwa la kupanda. Sikuwa na uso wa kuwalaumu wagongaji. Ndio wanaosomesha watoto kwa mawe hayo, na msingi wa nyumba ya babu yake umetoka hapohapo. Lakini kilima kikishakuwa kokoto hakirudi kuwa kilima, na mji unaojiita wa miamba ungefaa uchague vilima vyake kadhaa sasa, uviandike kwenye ramani kwamba hivi haviguswi, viwe vya watoto na pimbi.

Godoro tuliliacha Bujora. Basi halikuwa na nafasi, nami sikuwa na nguvu. Tuliwapa wale watoto watatu, wakashukuru, "wabeja sana", wakalibeba vichwani kwenda nalo nyumbani. Shemeji anasema wanalilalia. Kwenye mawe hawajawahi kulipeleka. Kwa hiyo ukienda Juni ijayo, nunua lako.